Ukurasa wa Arobaini na Moja

Jumamosi ile ya mwezi wa pili, mwaka wa hamsini na tano, Keko ilikuwa imefurika watu. Misumeno ililia huku na huku, randa zilikwaruza mbao za mninga, na harufu ya vanishi ilitanda barabara nzima hata mpita njia akahisi koo limemkauka. Revelian alishuka katika baiskeli yake mbele ya karakana ya fundi Jamali, akapangusa vumbi kwenye soksi zake ndefu, akanyoosha kaptula nyeupe aliyoipiga pasi mara mbili asubuhi hiyo. Alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini iliyoshughulika na vitabu vya shule, kijana wa miaka ishirini na saba kutoka Bukoba, mrefu, mwenye uso mpole na mwendo wa mtu anayechelewa mahali. Alikuwa amekuja kuchukua kabati lake la vitabu.

Katikati ya vurugu ile, juu ya kitanda ambacho hakijapigwa hata msasa, alikuwa ameketi msichana analia.

Hakulia kwa sauti. Alivaa gauni la buluu lenye maua meupe madogo, nywele kazisuka mistari iliyolala vizuri, na miguuni alikuwa na viatu vya raba vyeupe pe. Machozi yalimtiririka naye akayaacha yatiririke, mikono yake ikiwa imeshikilia kitu mapajani.

Revelian hakuwa mtu wa kumpita anayelia. Alitoa leso, akasogea.

"Dada, pole sana. Umefiwa?"

Msichana aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu, lakini mdomoni mlikuwa na kitu kinachofanana na tabasamu. "Nimefiwa, ndiyo."

"Lo! Na nani?"

"Mama yake Sikudhani."

"Ni jamaa yako?"

"Hapana, bwana. Kafariki hapa, ukurasa wa arobaini na moja." Akageuza kitabu kilichokuwa mapajani ili mgeni wake aone jalada: *Kaniki ya Mama*. Kisha akacheka, akaipokea leso, akapenga kamasi bila aibu. "Nakisoma mara ya nne hiki, na kila nikifika hapo nalia upya. Usinicheke."

Kabla Revelian hajajua acheke au ampe pole tena, fundi Jamali alitokea nyuma ya karakana, penseli sikioni. Alipowaona wawili wale pamoja alisimama ghafla kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Aa... Bwana Karani. Mwalimu Auleria. Karibuni. Kabati liko tayari."

"Langu," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Wakatazamana. Kisha wakamtazama fundi, ambaye alikuwa ameanza kuichunguza penseli yake.

"Fundi, kabati moja umeliuza mara mbili?" akauliza Auleria.

"Sikuliuza mara mbili, Mwalimu. Nililiahidi mara mbili. Nitatengeneza jingine, wiki mbili tu."

"Wiki mbili zako zina siku ngapi?"

Revelian alishindwa kujizuia, akacheka. Auleria akamgeukia. "Na wewe bwana, kabati la nini?"

"La vitabu vyangu."

"Vingapi?"

"Kumi na tisa."

"Sasa vinakaa wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Basi vimekwisha kuzoea. Mie nina wasichana arobaini na wawili wa darasa la sita, shule ya kati pale Temeke, na vitabu vyao viko kwenye debe. Mvua ikinyesha tunavipanga juu ya meza yangu, mie nakaa chini."

Mtu angefanya nini? Revelian aliliachia kabati. Lakini kwa kuwa hakutaka kuondoka upesi, akauliza ni vitabu gani hivyo vya darasa la sita. Hapo Auleria akawaka. Watoto wa miaka kumi na moja, kumi na mbili, alisema, wamesahauliwa. Hadithi za sungura na fisi wamekwisha kuzichoka, na riwaya za watu wazima bado hawaziwezi. Wamebaki katikati, na wanaowaandikia wanahesabika kwa vidole.

"Kazi yangu ndiyo hiyo," Revelian akasema, kifua mbele kidogo. "Nimepewa kuandika orodha ya riwaya kumi na mbili zinazowafaa, tangu darasa la tano hadi la nane. Serikali itazinunua kwa shule zote."

Auleria alimtazama tangu soksi hadi nywele. "Wewe? Unachaguaje?"

"Navisoma. Naangalia Kiswahili safi, mafunzo mema, adabu..."

"Na watoto wanasemaje?"

"Watoto gani?"

"Watakaovisoma, bwana!"

Auleria alimtia kitabu mkononi. "Anza na hiki, shuleni kipo kingine. Halafu Jumamosi ijayo uje Temeke na hivyo vyako, nikuonyeshe jinsi vitabu vinavyochaguliwa."

* * *

Akaenda. Alipiga baiskeli kutoka Keko alikopanga chumba, vitabu vitano vikiruka ndani ya kikapu, akakuta wasichana kumi na tatu wamekaa kwenye baraza ya shule, sare zao zimefuliwa, Mwalimu wao amesimama na gauni la njano lenye mkanda.

Sheria ya Auleria ilikuwa nyepesi: soma kurasa tatu kwa sauti, funga kitabu, nyamaza, uone kama kuna atakayekiomba.

Revelian alianza na kile alichokisifu sana katika daftari lake, habari za kijana anayependa sabuni na kuweka akiba. Ukurasa wa pili haujaisha, wasichana walikuwa wanajikuna miguu. Alipofunga, mmoja akanyoosha mkono kwa adabu. "Bwana, huyu kijana hana hata rafiki?"

Cha pili, *Mtoro wa Mkonge*, kilisimulia mtoto anayetoroka shamba la mkonge kumtafuta kaka yake. Revelian alisimama mwisho wa ukurasa wa tatu kama alivyoagizwa, kelele zikazuka. "Soma, bwana! Usisimame hapo! Ule mlango umefunguliwa na nani?" Wasichana wawili walikivuta kitabu, jalada likabaki kwa mmoja na kurasa kwa mwingine.

"Mali ya serikali!" Revelian akapiga kelele.

"Andika kwenye daftari lako," Auleria akamwambia, akicheka hadi akashika nguzo. "Kitabu kizuri huchanika."

Jumamosi zikafuatana. Revelian alijifunza kwamba mtoto wa umri ule hukimbia hadithi inayomnyooshea kidole. Anataka kwanza akutane na mtu. Akishampenda mtu huyo atamfuata popote, na njiani atajifunza mwenyewe. Alijifunza pia kwamba Auleria alizaliwa hapahapa Dar es Salaam ingawa baba yake, Mzee Kasiani, dresa, mfunga vidonda wa zahanati, ni Mhaya kama yeye. Kwamba Kihaya alikijua cha kuombea chumvi tu. Na kwamba alipenda kumcheka alivyovuta maneno.

"Lafudhi yako imepanda meli Bukoba ikakusahau kwenye gati," alimwambia. "Imetangulia, wewe unaifuata nyuma."

Siku za kazi alimpigia simu. Mtaa wote alikokaa Auleria simu ilikuwa moja, dukani kwa Mzee Matar, na mlinzi wa simu hiyo alikuwa mkewe, Bi Zubeida, mama mnene mwenye hina vidoleni aliyekaa nyuma ya mizani tangu asubuhi. Saa kumi na nusu, wakubwa wakishaondoka ofisini, Revelian aliomba namba.

"Haloo, Bi Zubeida? Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Yuko hapa, anajidai ananunua kiberiti. Hiki cha tatu wiki hii."

Auleria alipokonya mkono wa simu. "Usimsikilize. Habari za mjini?"

"Mjini hakuna habari. Habari ziko Temeke. Zimevaa gauni gani leo?"

"La njano."

"Lile lenye mkanda?"

"Wewe umewekwa hapo kuangalia vitabu au mikanda?"

"Vitabu nalipwa. Mikanda najitolea."

Bi Zubeida, aliyekuwa amesogeza sikio, alicheka mpaka akampimia mteja sukari robo ikawa nusu.

Mwezi wa nne, wakitembea na baiskeli katikati yao, Revelian alisafisha koo mara tatu kisha akasema, "Auleria, mie nakupenda."

"Umechelewa, roho yangu. Mwezi mzima nasubiri umalize kukohoa."

Raha hiyo ilikuwa na doa moja, nalo Revelian alilijua peke yake.

"*Kaniki ya Mama* umefika wapi?" Auleria alikuwa akimuuliza.

"Katikati," alisema mwanzoni. Siku nyingine akasema, "Nimekimaliza."

"Umekionaje?"

"Kizuri. Kiswahili chake kimetulia."

Auleria alimtazama kidogo zaidi ya kawaida, kisha wakazungumza mengine.

Ukweli ni kwamba Revelian hakuwahi kuvuka ukurasa wa arobaini na moja. Katika ukurasa huo Sikudhani anatumwa kisima cha mbali kuchota maji, na anaporudi anakuta mama yake amekwisha kuzikwa. Hakuna mtu mzima anayemwambia neno. Anaulizwa tu kama ndoo imejaa.

Revelian alipokuwa na miaka kumi na mmoja, kule Kamachumu, shangazi yake alimtwika mkungu wa ndizi aupeleke kwa mjomba ng'ambo ya kilima na kumwambia alale hukohuko. Mama alikuwa mgonjwa ndani. Kesho yake aliporudi alikuta watu wameketi kimya, wanamkwepa macho. Akapewa chakula. Mwezi uliofuata akapelekwa shule ya misheni, na tangu hapo yeyote aliyemuuliza habari za mama alijibiwa, "Yuko Kamachumu." Auleria naye alijibiwa hivyohivyo. Haukuwa uongo kabisa. Kaburi lilikuwa hukohuko.

Mara tano alikifungua kitabu kile, na mara tano alikifunga mahali palepale.

Mwezi wa sita mkubwa wake alitaka orodha. Revelian aliandika kumi na mbili zinazofaa, *Mtoro wa Mkonge* kikiwa cha kwanza, na chini yake akaandika zisizofaa na sababu zake. Alipofika kwenye *Kaniki ya Mama* kalamu ilikaa hewani muda mrefu. Mwishowe akaandika: "Hakifai. Majonzi yake yanazidi umri wa watoto." Akajiambia kwamba anawalinda. Akatia sahihi.

* * *

Auleria hakuwahi kumpigia simu ofisini. Siku aliyopiga, katikati ya mwezi wa saba, Revelian aliipokea akiwa na furaha tele.

"Laazizi! Leo jua limetoka wapi?"

"Leo nimemnyang'anya mtoto kitabu," Auleria akasema.

Sauti yake ilikuwa kavu. Revelian akakaa.

"Mwalimu Mkuu Felicitas ametusomea waraka wenu. Visivyofaa viondolewe makabatini, basi. *Kaniki ya Mama* alikuwa nacho Mwamvita. Unamkumbuka? Yule mwembamba anayekaa mwisho wa baraza. Mama yake walimzika mwezi wa Ramadhani. Tangu hapo anakisoma kitabu kile, akimaliza anaanza tena. Nikamwambia nipe. Akanipa, hakusema neno. Halafu nikaupokea waraka nikasoma sababu, nikaona sahihi yako."

"Auleria, niliona kwamba kwa watoto—"

"Nina swali moja. Mwishoni, ile kaniki Sikudhani alimpa nani?"

Waya ulivuma. Ofisini mtu alipiga mhuri, akapiga tena. Revelian alifungua mdomo.

"Alimpa nani, Revelian?"

Revelian aliuzungusha waya wa simu kidoleni.

"Ungeniambia kimekushinda ningekuelewa," Auleria akasema, na sasa sauti ilianza kutetemeka. "Ungesema hukipendi tungegombana, tukapatana. Lakini umekihukumu kitabu ambacho hukukisoma, na mie umenidanganya miezi yote hii huku unanitazama usoni. Kwaheri, Bwana Karani."

Simu ikakatwa.

Kwa wiki mbili Revelian alipiga kila siku saa kumi na nusu.

"Hayupo," Bi Zubeida alisema.

"Bi Zubeida, namsikia anakohoa."

"Anayekohoa ni Mzee Matar."

"Mzee Matar anakohoa kwa sauti ya kike?"

Bi Zubeida alishusha pumzi. Alipozungumza tena alikuwa amekinga mdomo wa simu kwa kiganja. "Mwanangu, mie siwezi kukupa mtu asiyetaka kupewa. Anapita hapa kichwa chini, hanunui hata kiberiti. Lakini nikuulize: hicho kitabu kina nini hata mwanamume mzima kikushinde?"

Revelian alisafisha koo, mara moja, mara mbili.

"Haya, usiniambie. Mie hizo herufi za Kizungu sizijui, chuoni nilisoma msahafu tu. Lakini ninayejua kidogo nakwambia wewe unayejua sana: kamalize."

* * *

Jumapili baada ya misa Revelian alivua koti, akafunga mlango wa chumba chake, akakaa sakafuni, mgongo ameuegemeza kitandani. Alianza ukurasa wa kwanza. Nje watoto wa mwenye nyumba walikuwa wanatwanga, na mchi uliendelea kudunda alipoufikia ule wa arobaini na moja. Sikudhani alitua ndoo. Akaulizwa kama imejaa. Revelian aliona herufi zinayeyuka, akangoja, zikarudi. Akafunua.

Sikudhani hakulia katika ukurasa wa arobaini na mbili. Alikasirika. Alivunja mtungi. Aliiba kaniki ya mama yake kutoka katika sanduku la baba, akajifunga, akatoka kwenda nyumba kwa nyumba akimuuliza kila mtu kitu kimoja anachokumbuka kuhusu marehemu. Watu wazima waliokuwa wamemkwepa macho walianza mmoja mmoja kusema. Huyu alikumbuka mama yule alivyokuwa akichoma mihogo ikaungua kila mara. Yule alikumbuka kicheko chake, siku walipoanguka wote wawili matopeni. Sura baada ya sura mama alirudi, si mzima, lakini akawa na sauti, na mwendo, na makosa yake.

Revelian alisoma bila kula. Alilia kilio alichokiacha Kamachumu miaka kumi na sita nyuma, tena kwa sauti, hadi mwenye nyumba akagonga kuuliza kama kuna barua ya msiba. "Ipo," alijibu kupitia mlangoni, "ila ilichelewa njiani." Alasiri akafika mwisho, akajua kaniki alipewa nani.

Alitamani kupanda baiskeli dakika ileile. Akajizuia. Kulikuwa na jambo la kutengeneza kwanza, na halikuwa Temeke.

Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya meza ya mkubwa wake, Mzungu mwenye nywele za kijivu aliyezungumza Kiswahili cha vitabuni.

"Kitabu kimoja katika waraka, bwana, nilikikataa nami sikukisoma chote."

"Ulitia sahihi?"

"Nilitia."

"Kwa nini waniambia sasa? Hakuna aliyelalamika."

"Kuna mtoto Temeke amenyang'anywa kitabu, bwana. Hakulalamika. Ndiyo maana nimekuja."

Mkubwa alikitazama kitabu, akamtazama karani. Alikichukua nyumbani, akakaa nacho siku tatu. Alhamisi alimwita. Waraka wa masahihisho ulikuwa mezani, wino mbichi: *Kaniki ya Mama* kiingizwe, kiwe cha kumi na tatu. Kando yake ilikuwepo barua nyingine. Cheo alichoahidiwa kupewa mwaka mpya kilikuwa kimefutwa, na tangu siku ile hakuwa tena msomaji wa vitabu. Alihamishiwa chumba cha majalada.

"Anayeidhinisha vitabu lazima asome," mkubwa akasema, bila ukali. "Wakubali?"

"Nakubali, bwana," Revelian akasema. Alikubali kweli, ingawa iliuma.

* * *

Jumamosi wasichana walikuwa barazani kama desturi. Auleria alikuwa amevaa gauni la kijani asilowahi kuliona, mkono mmoja kiunoni, na alipomwona Revelian akiegesha baiskeli uso wake ulijifunga kama dirisha.

"Shikamoo, bwana!" wasichana wakaamkia.

"Marahaba. Mwalimu, naomba dakika moja na darasa lako."

Auleria alifikiri, kisha akasogea pembeni.

Revelian alimwendea yule msichana mwembamba aliyekaa mwisho, akachuchumaa ili macho yao yalingane. Alitoa kitabu. "Mwamvita, hiki ni chako. Mie ndiye niliyeandika kwamba hakifai. Nilikosa. Nimekuja kukuomba radhi."

Mtoto alikipokea kwa mikono miwili. Alikikagua kama kuna ukurasa uliopungua. "Kwa nini uliandika?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Pale anaporudi kisimani."

Mwamvita alitikisa kichwa kukubali, kama mtu mzima anayemsikiliza mwenzake. "Hapo hata mie niliogopa. Nikafunua tu."

Revelian alibaki amechuchumaa. Alipoinuka Auleria alikuwa amesimama karibu yake.

"Alimpa nani?" akauliza polepole.

"Jirani yao, aliyekuwa ndiyo kwanza amejifungua. Hakuwa na nguo ya kumbebea mtoto. Sikudhani akaichana pembeni ile kaniki, akabaki na kipande cha kufungia kichwa, iliyobaki ikawa mbeleko."

Auleria aliuma mdomo. Aligeuka akawaambia wasichana waendelee kusoma kimoyomoyo, naye atakayefungua kinywa atakiona. Kisha akamshika Revelian kwa mkono wa shati, akampeleka nyuma ya darasa.

Huko Revelian alimweleza yote: mkungu wa ndizi, kilima, watu wanaokwepa macho. Alimweleza habari za mkubwa wake na chumba cha majalada. "Kwa hiyo mie si mchagua vitabu tena," alimaliza. "Na cheo hakuna."

"Na mama yuko Kamachumu," Auleria akasema kwa sauti ya chini.

"Yuko Kamachumu. Kaburini. Nisamehe."

"Miezi yote hii ulikuwa unabeba hilo peke yako, mpumbavu wangu we!" Machozi yalikuwa yameanza. "Nilidhani umenidharau. Nilidhani kila nilichokufundisha hapa barazani ulikuwa unakichekea moyoni. Nilikuwa nakuchukia saa kumi na nusu kila siku, dakika tano, halafu nakwenda nyumbani kulia."

"Bi Zubeida alisema anayekohoa ni Mzee Matar."

Auleria alicheka katikati ya kilio. Leso yake mwenyewe hakuwa nayo, akajipangusa kwa mkono wa gauni jipya. "Anaitwa nani?" akauliza. "Mama."

Miaka kumi na sita Revelian alikuwa hajalitamka. "Kokubelwa."

"Niambie habari zake."

Wasichana walipokwenda makwao, jua likiwa limeshalegea, Auleria alimsindikiza. Revelian alisukuma baiskeli huku anasimulia. Kokubelwa alitumia mkono wa kushoto, akamenya ndizi kwa kasi hata maganda yakaruka. Alicheka kanisani pasipofaa kucheka. Walifika kona ya kwenda Keko hadithi ikiwa katikati.

"Hujamaliza," Auleria akasema.

"Bado siku alipomfukuza mbuzi wa katekista."

"Nataka hiyo."

"Basi nikurudishe nyumbani nikiisimulia. Siwezi kukuacha urudi peke yako."

Wakageuka. Walipofika Temeke mbuzi alikuwa bado hajaingia shambani, kwa kuwa Auleria alikatiza kila neno kwa maswali: alivaa nini, alikuwa mrefu, aliimba? Ikawa zamu yake kumsindikiza tena hadi kona, kisha zamu ya Revelian. Walipopita mbele ya duka kwa mara ya nne, Bi Zubeida alitoka nje kabisa, mkono mmoja kiunoni, upawa wa mchele katika mkono wa pili.

"Nyie!" akaita, hata wazee waliokuwa wakicheza bao ng'ambo wakainua vichwa. "Mnapita, mnarudi, mnapita, mnarudi. Wallahi mtamaliza viatu! Si muoane mkae nyumba moja, mwendo uishe?"

Wazee waliangua kicheko. Auleria aliinamisha uso. Revelian alisimamisha baiskeli katikati ya barabara.

"Umesikia?" akamuuliza.

"Nimesikia."

"Nilikuwa na maneno yangu niliyoyatunga tangu Jumatatu. Ya Kiswahili safi kabisa."

"Yaseme."

"Yamepotea. Auleria, nataka kukuoa. Nina chumba kimoja Keko na kazi ya kupanga majalada. Sina jingine la kukuvutia."

"Nani kakwambia navutwa na majalada?" Auleria aliinua macho, na yalikuwa yanang'aa. "Kesho baada ya misa uende kwa baba. Atakuuliza umetoka kwa nani. Mwambie jina la mama yako, kama ulivyoniambia mie. Na jibu langu nakupa leo usije ukakesha: ndiyo. Ndiyo, Revelian."

Bi Zubeida, ambaye hakusikia neno hata moja lakini aliona nyuso, alipiga kigelegele kirefu kilichomtoa Mzee Matar ndani akiwa na kiatu kimoja.

Revelian hakumshika mkono. Watu walikuwa wengi. Alisogeza tu baiskeli upande wa pili ili isiwe katikati yao, wakaanza tena kutembea kuelekea kona, mikono ya nguo zao ikigusana, maana yule mbuzi wa katekista alikuwa bado hajafukuzwa.